Nani Aguse Skrubu?

Mzee, fundi wetu wa kutengeneza mashine, aliingia wakati binti ameshika kesi ya bobini, kile kikombe cha chuma kinachobeba uzi wa chini wa cherehani, mkono wa kushoto na bisibisi ndogo mkono wa kulia. Hakusalimia kwanza, jambo ambalo si kawaida yake. Alinyoosha mkono akaichukua ile bisibisi taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, akaitia kwenye mfuko wa shati, ndipo akasema:

"Hii haina kazi kwako."

Binti akanitazama. Mimi nikajifanya nakata kitambaa.

Siku hiyo mzee hakuja kwetu. Alikuwa na ovaloki ya jirani, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa zisifumuke; kwetu alipita tu kuomba maji. Akanywa, akauliza habari za nyumbani, akaaga. Bisibisi yangu ikaondoka naye mfukoni.

Wiki kadhaa sasa jambo hili linanikereketa. Si bisibisi, maana bisibisi Kariakoo zinauzwa kwa mafungu. Ni ile kauli. Binti amekuja kwangu kujifunza kazi. Anakaa kwenye mashine ile toka asubuhi mpaka adhana ya magharibi. Kama kifaa cha kurekebishia mashine hakina kazi kwake, kina kazi kwa nani?

Kinachonikera zaidi ni kwamba sikuwa na la kumjibu. Kuna mahali nilikuwa nakubaliana naye, ila sikujua ni wapi hasa.

## Ya miguu inakusubiri

Aliyejifunzia cherehani ya miguu hudhani mashine ya kiwandani ni ile ile, imewekewa mota tu. Kwa upande wa fundo la uzi hajakosea. Sindano yenye tundu kwenye ncha, aliyoiwekea hataza Elias Howe kule Marekani mwaka 1846, kabla Isaac Singer hajaja na yake mwaka 1851, bado inafanya kazi ile ile. Uzi wa juu unashuka, unakamatwa chini, unazungushwa kwenye uzi wa bobini, unavutwa kurudi juu. Hakuna uchawi ulioongezwa.

Tofauti ni kwamba ya miguu inakusubiri. Kosa linakuja kwa mwendo wako mwenyewe, unalisikia kwenye unyayo kabla halijakomaa.

Hii ya kiwandani haisubiri mtu. Juki DDL-8700, ambayo ukisema mashine ya kiwandani ndiyo wengi wanayoifikiria, imetengenezwa kufika hadi stichi 5,500 kwa dakika. Hakuna anayeshona kwa kasi hiyo huku Tandika, asikudanganye mtu. Lakini hata ukienda nusu yake, ndoano ya chini inayokamata uzi inazunguka mara mbili kwa kila stichi moja. Piga hesabu. Ukija kusikia kosa, limeshamaliza kazi yake: kitambaa kimemezwa shimoni, uzi umejikusanya chini, sindano imepinda.

Yangu niliinunua mkononi mwa mtu, ikaja na mota ya zamani ya klachi. Ile inayonguruma tangu unapowasha mpaka unapozima, umekanyaga hujakanyaga. Inakula Luku hata ukiwa unaongea na simu. Ukiigusa pedali kidogo haiendi, ukiongeza kidogo inafyatuka. Nilipoing'oa nikaweka ya servo, inayozunguka pale tu unapokanyaga na unayoweza kuiwekea kikomo cha kasi, ndipo nilipoanza kujifunza kitu.

Msimamo wangu kwa hili hauna mjadala. Anayeanza apewe servo, kasi ishushwe chini kabisa, mengine yatakuja. Watakaosema "sisi tulijifunzia klachi na hatukufa", sawa. Vidole vyao ndivyo mashahidi.

## Njia ya uzi

Hapa niende polepole, maana ndipo ugomvi wangu na mzee ulipozaliwa, ingawa yeye hajui kama tuna ugomvi.

Koni ya uzi inakaa kwenye stendi, na uzi unapanda wima mpaka kwenye pete iliyo juu yake. Wima. Stendi ikiinama, uzi unatoka kwa kujikwaruza kwenye koni, mara umekaza mara umelegea, na utazungusha tensheni, ile skrubu ya mkazo wa uzi, mpaka mkono uchoke bila faida.

Ukitoka hapo, uzi unafika kwenye kijiti chenye matundu juu ya kichwa cha mashine. Unaingia tundu hili, unatokea lile. Wengi hupitisha kwenye tundu moja wakaenda zao, wakiona mengine ni urembo. Kumbe ndipo uzi unapotulizwa, usifike mbele umejisokota.

Halafu visahani viwili vya tensheni. Hapa mguu wa mashine, ule unaobana kitambaa, uwe umeinuliwa, na sisemi hivi kwa ajili ya adabu. Mguu ukiwa chini visahani vimefumba, kwa hiyo uzi unabaki ukingoni badala ya kuzama katikati. Ukiutazama, umepita. Kwa kweli haumo. Jinsi ya kuhakikisha ni kuuvuta kwa vidole: mguu juu, uzi uje laini, mguu chini, ugome. Usipohisi tofauti yoyote, usishone. Toa, anza upya.

Pembeni ya visahani kuna springi nyembamba sana ambayo mgeni hata haioni. Uzi lazima uibebe. Sindano inaposhuka, uzi unalegea, na springi hiyo ndiyo inayoukusanya ulegevu ili sindano isije ikauchoma uzi wake yenyewe kabla haijaingia kwenye kitambaa. Kisha uzi unapanda kwenye ule mkono wa chuma unaopanda na kushuka upande wa mbele. Ukiukosa mkono huu hutashona hata pima; rundo litajitengeneza chini pale pale.

Mwisho ni sindano, na hapa ndipo mazoea ya cherehani ya nyumbani yanapomponza mtu.

Sindano ya nyumbani shina lake lina upande bapa, kwa hiyo inakuongoza yenyewe. Ya kiwandani, hii wanayoiita DB×1, shina lake ni la mviringo. Utaiingiza vyovyote upendavyo, hata kinyumenyume, na skrubu itaikaza vizuri tu. Ishara pekee ni mfereji. Upande mmoja kuna mfereji mrefu unaoteremka mpaka kwenye tundu. Upande wa pili, juu kidogo ya tundu, kuna kibonyeo kifupi. Kwenye mashine yangu mfereji mrefu unatazama kushoto, kibonyeo kinatazama kulia ambako ndoano inapita, na uzi unaingia kutoka kushoto kwenda kulia.

Binti nilimfundisha kuutafuta mfereji kwa ukucha, macho amefumba. Si mbwembwe. Sindano huvunjika jioni, na umeme nao una tabia zake.

Hiyo ndiyo njia nzima ya juu. Ukiitazama vizuri, hakuna mahali panapodai bisibisi isipokuwa pale pa kukazia sindano.

## Rundo liko chini, kosa liko juu

Siku ile mzee alipomkuta binti, kitambaa kilikuwa na vitanzi upande wa chini. Vitanzi vilivyolegea, virefu, vya kuingiza kidole.

Macho yanaona chini kumechafuka, mkono unakwenda chini. Ni jambo la kibinadamu kabisa. Unafungua kibati, unatoa kesi ya bobini, unatafuta skrubu.

Lakini ule uzi unaoning'inia chini ni uzi wa juu. Haukubanwa vya kutosha huko ulikotoka, ndiyo maana ndoano imeuvuta ikauteremsha wote. Mara nyingi haukuzama kwenye visahani, basi. Bobini haina kosa. Na ukiikaza skrubu ya bobini kwa kosa la juu, vitanzi havitaisha, ila sasa utakuwa na matatizo mawili, na la pili umelileta mwenyewe.

Kwa hiyo mzee alikuwa sahihi. Skrubu ile kweli haikuwa na kazi pale.

Hakusema kwa nini.

Hapo ndipo nilipokwama kwa siku nyingi. Mtu akikwambia usiguse bila kukueleza sababu, amekulinda leo tu. Kesho vitanzi vitarudi, na bisibisi nyingine itapatikana. Ile dakika moja aliyotumia kumnyang'anya ingetosha kumwonyesha kipande cha kitambaa chenye nyuzi za rangi mbili. Juu weka nyekundu, chini weka nyeupe, shona shibiri moja, geuza. Nyekundu ikionekana imelala chini, tatizo ni la juu. Nyeupe ikichungulia juu, basi ama juu kumekazwa mno au bobini imelegea, na hapo ndipo kesi ya bobini inapoitwa kwenye kesi yake.

Hata hiyo ina kipimo kisichohitaji bisibisi. Ining'inize kwa uzi wake. Itulie. Ukiishtua kidogo kwa mkono, iteremke kidogo kisha isimame. Ikiporomoka mpaka chini, imelegea. Ikigoma kabisa, imekaza. Ikishindikana ndiyo uguse skrubu, na ujue ni ipi, maana kuna mbili: ndogo ya pembeni inashikilia kibati kinachobana uzi wa bobini, kubwa ndiyo ya kukaza na kulegeza uzi. Anayeilegeza ndogo ajiandae kuitafuta sakafuni kwa tochi ya simu.

## Mpaka niliojiwekea

Basi nikatengeneza sheria yangu ya fremu. Kila panapopita uzi ni petu. Panapokutana chuma kwa chuma ni pa mzee.

Ilinipendeza. Ilikuwa fupi, na binti aliikariri mara moja. Mashine ikikata uzi, tunapitisha upya kwanza, hata kama tuna hakika. Hasa kama tuna hakika. Mashine ikiruka stichi, tunatoa sindano, tunapitisha ukucha kwenye ncha kusikiliza kama imekwaruzwa, tunaibingirisha juu ya kioo kuona kama imepinda. Tukiwa na shaka tunaweka mpya, maana sindano ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye chumba hicho, na sijui kwa nini mafundi wengi tunaitunza mpaka iote kutu.

Tukibadilisha uzi tunapima kama unaelewana na sindano. Unakata uzi kama urefu wa mkono, unaupitisha kwenye tundu la sindano isiyofungwa, unaushika pande zote mbili umekaza na kuinama kidogo. Sindano iteleze yenyewe. Ikikwama, tundu ni dogo kwa uzi huo. Namba 14 kwa vitenge vya kawaida, 11 kwa bitana na vitambaa laini, 16 au 18 kwa jinzi. Na kitenge kipya kikiwa na wanga mwingi huacha gundi kwenye sindano, hasa ukikimbiza, kwa sababu sindano inapata moto kweli kweli. Uzi wa poliesta ukikutana na moto huo unayeyuka. Watu husema uzi mbovu. Pengine ni mwendo.

Chini tunasafisha kwa brashi kila jioni, vumbi la kitambaa chini ya meno yanayosukuma kitambaa linajaa kuliko unavyodhani. Bobini haijazwi mpaka kwenye ukingo. Ikifika kama asilimia 80 inatosha.

Sheria hiyo ilitupeleka vizuri, mpaka ilipokuja suruali ya jinzi.

## Kovu lisiloonekana

Ilikuwa kupunguza urefu tu, kazi ya kumsubirisha mteja kwenye benchi. Pale kwenye mshono wa pembeni, ambapo jinzi inakutana tabaka juu ya tabaka, sindano ililia mlio mmoja mkali. Nusu yake ilibaki kwenye kitambaa. Tukaitoa, tukahakikisha vipande vyote vimepatikana, tukaweka mpya namba 18, tukapitisha uzi kuanzia kwenye koni.

Ilishona shibiri moja, uzi ukakatika.

Tukarudia njia yote. Shibiri nyingine, ukakatika. Tukabadilisha koni. Tukabadilisha sindano. Tukalegeza tensheni. Mteja akaambiwa arudi kesho, akaondoka na kaptula aliyoazimwa na kinyozi wa jirani.

Nilichokiona usiku, nikiwa na ule uzi uliokatika chini ya taa, ni kwamba haukukatika kwa usafi. Uzi uliokatwa na kitu chenye makali, mwisho wake ni nadhifu. Huu ulikuwa umechakaa, nyuzinyuzi zimesimama, umesuguliwa mpaka ukachoka. Kuna mahali njiani palikuwa panaulamba.

Na kipande kile kile cha uzi hakipiti kwenye tundu la sindano mara moja kikatulia kwenye mshono. Kinapanda na kushuka makumi ya mara, kila stichi ikikisogeza kidogo, kabla hakijapata mahali pake. Kwa hiyo mkwaruzo mdogo usioonekana unapata nafasi nyingi za kufanya uharibifu.

Nikatoa kesi ya bobini, nikachukua pamba, nikaifuta ndoano polepole kwa kuizungusha kwa mkono. Ilipofika karibu na ncha, pamba ikashikwa. Ukaachwa uzi mmoja mweupe umening'inia hapo. Sindano ilipovunjika iligonga ndoano, ikaiachia kovu.

Sasa hapo ni pa nani?

Uzi unapita hapo. Hakuna mahali kwenye mashine ambapo uzi unapita kwa uzito zaidi ya pale. Na ni chuma cha mzee kabisa, kile kinachokutana na sindano kwa nafasi ambayo haifiki sehemu ya kumi ya milimita. Sheria yangu ilikuwa inasema ndiyo na hapana kwa wakati mmoja.

Nikampigia. Alikuwa Kigamboni kwenye kazi, angekuja keshokutwa. Nikamweleza: sindano ilivunjika, uzi unachakaa, pamba imeshikwa karibu na ncha. Akanyamaza kiasi cha kunifanya nitazame kama simu imekatika.

"Umeshika pamba mwenyewe?"

"Ndiyo, mzee."

"Una msasa namba ngapi?"

"Elfu moja."

"Tafuta elfu mbili. Ulainishe kovu, usilainishe ncha. Ncha ukiila, ndoano imekwisha, na mimi siziuzi."

Nililainisha kwa ncha ya kijiti kilichozungushiwa msasa, nikipima kwa pamba kila baada ya muda, mkono ukitetemeka mwanzoni. Pamba ilipoacha kushikwa nikafuta vumbi la chuma lote, nikatia tone la mafuta, nikapitisha uzi. Mashine ikashona. Mwenye suruali alirudi na kaptula ya watu, na hakujua lolote.

## Upande wa mzee

Keshokutwa alikuja, ingawa nilimwambia imepona. Akafungua, akapitisha ukucha kwenye ndoano, akaguna. Kwa mzee huyu, kuguna ni cheti.

Nikaona ndiyo nafasi. Nikamuuliza kwa nini siku ile alisema vile kwa binti. Sikutaja bisibisi.

"Skrubu moja ukiigusa ukaiacha," akasema, "nikija natafuta makosa mawili. Ukigusa tatu, sijui tena nilikuwa natafuta nini."

Akanionyesha. Akazungusha gurudumu kwa mkono, sindano ikashuka mpaka mwisho, ikaanza kupanda. Inapopanda kama milimita mbili hivi, uzi ulio nyuma yake unavimba na kutengeneza kitanzi kidogo pale kwenye kibonyeo. Sekunde hiyo ndipo ncha ya ndoano inapopita katikati ya kitanzi na sindano. Ikiwahi, kitanzi hakijavimba. Ikichelewa, kimeshaanguka. Mashine itaruka stichi hata ukiweka uzi wa dhahabu. Kuna mistari imechorwa kwenye chuma kinachobeba sindano kwa ajili hiyo, lakini mistari inamsaidia anayejua anachokitafuta. Amewahi kuitwa, akasema, kwenye fremu ambayo mtu alilegeza chuma hicho kwa sababu mashine ilikuwa inaruka. Sindano ilikuwa imeingizwa kinyume. Ilichukua siku nzima kurudisha kilichokuwa hakijaharibika.

Nilimwelewa. Na bado nilikuwa na neno.

Nimemtazama mzee akifanya kazi mara nyingi. Akiitwa kwenye mashine yoyote, kitu cha kwanza ni kutoa sindano na kuitupa. Haipimi hata. Anaweka yake. Kisha anakata uzi wote na kupitisha upya, huku mwenye mashine akisema "hapo pako sawa, mzee". Kisha anachungulia kile kidirisha cha juu kuona kama mafuta yanaruka mashine ikienda, na anainamisha kichwa cha mashine kuangalia kama mafuta yamefika kati ya alama mbili za kwenye sinia la chini. Baada ya yote hayo, ndipo mkono wake unaingia kwenye begi.

Mara nyingi hauingii. Mashine imeshapona.

Maana yake ujuzi wake mkubwa hauko kwenye skrubu. Uko kwenye mpangilio wa kuuliza, kuanzia kisicho na gharama. Hicho ndicho angempa binti, na hicho ndicho asichokitamka, kwa sababu hata yeye hakutamkiwa. Alibeba begi la fundi mwingine kwa miaka, akaiba kwa macho. Hakuna aliyekaa akamwambia "kwanza sindano, kwanza uzi". Akaona tu, akaona tena.

Lipo pia suala la riziki, ambalo sikumuuliza kwa kuwa haliulizwi hivyo. Sindano iliyoingizwa kinyume inamlipa nauli na chakula cha mchana. Wanafunzi wote wa Tandika wakijua mfereji unatazama wapi, simu zitapungua. Sioni kama anaficha kwa sababu hiyo. Lakini sioni pia kama ana haraka ya kufundisha, na riziki yake ikiwa humo, nani atamlaumu?

## Rangi ya kucha

Sheria ya uzi na chuma nimeiacha. Tunayo nyingine, nayo ina mashimo yake. Skrubu yoyote inayoweza kurudishwa ilipokuwa inaruhusiwa kuguswa.

Kabla ya kuizungusha, binti anaweka nukta ya rangi ya kucha, nusu kwenye kichwa cha skrubu, nusu kwenye chuma kilicho pembeni. Anazungusha robo, anashona kwenye kitambaa cha majaribio, anaandika ukutani kwa penseli. Kama hakuna kilichobadilika, nukta inarudi kwa mwenzake kabla hajagusa nyingine. Moja moja. Zile za ndoano na za chuma cha sindano hazina nukta, na bado ni za mzee, kwa sababu huko chuma kikishateleza hata nukta haikuambii kilikuwa wapi kwenda juu na chini.

Mzee alipoziona nukta nyekundu alicheka mpaka akakaa. Akasema mashine imepakwa kama bibi harusi. Halafu akainama akaisoma orodha ya ukutani kwa muda mrefu kuliko alivyocheka.

Ovaloki ndiyo inayonitia wasiwasi sasa. Tumepata ya nyuzi nne, ya mtumba, na huko kanuni zote zinaanza upya: vishika uzi viwili badala ya bobini, sindano mbili, kisu pembeni, na mpangilio wa kupitisha ambao ukiugeuza, uzi mmoja unamkata mwenzake mara tu unapokanyaga. Mimi mwenyewe naifuata kwa mchoro uliobandikwa ndani ya mlango wake, kidole kikiwa kwenye rangi.

Binti anataka kumfuata mzee Jumamosi anapokwenda kwenye ovaloki za watu, akaone. Nimemfikishia mzee. Hajakubali wala hajakataa. Ameuliza tu kama binti anaweza kupanda daladala na begi lililojaa vyuma. Nimemwambia amuulize mwenyewe.